Kozi wanaokuja na mvua za kwanza Sikonge: wanatoka wapi, na je, ndio wanaomaliza vifaranga?

Swali hili limetoka kwa mzee mmoja wa Sikonge, mkoani Tabora, mkulima wa tumbaku na mfugaji nyuki. Kwa kifupi anasema hivi: kila mwaka, mvua za kwanza zikishanyesha na kumbikumbi kuanza kutoka, juu ya shamba lake hutokea ndege wadogo wa jamii ya mwewe, wengi kwa pamoja. Hushinda angani, jioni hutua kwenye miti mikavu ya pembeni, na baada ya siku mbili tatu hawaonekani tena. Jirani yake anasema ndio wanaoleta mvua. Wajukuu wake wanawapiga kwa manati wakiamini wanamaliza vifaranga. Anauliza ndege hao wanatoka wapi, wanakwenda wapi, kama watarudi, kama wana faida yoyote kwake, na kama wajukuu wako sahihi.

Mzee wangu, shikamoo.

Naanza na wajukuu, kwa sababu hilo ndilo la haraka. Waambie waweke manati kando. Ndege hao hawali vifaranga wako.

Umeniandikia kwamba baadhi yao ni wa kijivu kilichokoza, wakigeuka angani unaona weupe chini ya bawa, na miguu yao ina rangi ya chungwa inayokaribia wekundu. Kwa maelezo hayo sina shaka: hao ni madume ya kozi wa Amur, *Falco amurensis*. Wale wenye kifua cheupe chenye michirizi myeusi na miguu ya rangi ileile ni majike yao. Wengine uliowataja, wenye masharubu meusi shavuni, mapaja mekundu na miguu ya manjano, ni kozi wa aina nyingine, *Falco subbuteo*, ambaye hapa nitamwita kozi wa Ulaya ingawa anazaliana pia Asia. Aina hizi mbili huchanganyika kwenye chakula, kwa hiyo usishangae kuwaona mahali pamoja.

Sasa tazama ukubwa wao. Kozi wa Amur ana uzito wa kati ya gramu 100 na 190. Ukimshika mkononi ni kama umeshika mayai matatu au manne ya kuku wa kienyeji. Vidole vyake ni vyembamba, vya kudakia mdudu hewani. Siku kumbikumbi wakitoka mchana au jioni mapema, simama kwenye kingo ya shamba umwangalie mmoja tu, usihangaike na kundi zima. Anakuja juu ya kichuguu bila haraka, ananyoosha mguu mmoja, anadaka, halafu anainamisha kichwa na kuuleta mguu mdomoni huku anaendelea kuruka. Ananyofoa mbawa na kumeza mwili. Ukiwa chini yake utaona mbawa za kumbikumbi zikidondoka moja moja. Kabla hazijafika chini ameshadaka mwingine. Anaweza kuendelea hivyo saa nzima na zaidi. Ndege mwenye chakula cha namna hiyo hana sababu ya kushuka uani kugombana na kuku mwenye vifaranga.

Kozi wa Ulaya ni mkubwa kidogo na ana mbio zaidi. Yeye huweza kumkamata mbayuwayu akiwa angani, lakini naye msimu wa mvua anashughulika na kumbikumbi na kerengende. Mwizi wa vifaranga ni mwewe mwenyewe, yule mkubwa wa rangi ya kahawia, mwenye mabawa mapana na mkia wenye panda, anayezungukazunguka juu ya nyumba na majalala. Wapo pia vipanga wanaojificha ndani ya majani ya mwembe na kushuka ghafla, na kunguru nao si wa kuaminiwa. Hao dawa yao ni tenga. Funika vifaranga wiki za mwanzo, na wapatie vichaka vya kukimbilia. Manati hayawezi kukusaidia, kwa sababu anayekaa wazi juu ya mti mkavu ni kozi, hivyo ndiye anayepigwa, na aliyebeba kifaranga yuko majanini salama salimini.

Jirani yako anayesema wanaleta mvua ameona jambo la kweli, kwamba ndege na mvua huja siku moja. Mpangilio wake ndio uko hivi. Mvua ya Novemba kwenu huja na radi, na kabla ya matone hutangulia upepo wa baridi. Upepo huo ni hewa iliyoshuka kutoka ndani ya wingu na kutawanyika juu ya ardhi. Inapokutana na hewa ya joto iliyokuwa pale, huisukuma juu, na wadudu waliomo hewani husukumwa pamoja nayo. Mbele ya mvua kunakuwa na mstari ambao wadudu wamejazana, na kozi wanakula kwenye mstari huo. Ndiyo maana mnawaona muda mfupi kabla ya mvua kuanza, halafu kesho yake kumbikumbi wanapotoka kwenye vichuguu wanakuwapo tena.

Jambo hilohilo linatokea kwa kiwango kikubwa zaidi. Ukanda wa mvua wenyewe unahama. Mwezi wa kumi unakuwa bado kaskazini yetu, Novemba na Desemba unashuka kwenu, Januari unakuwa umetanda hadi Zambia na Zimbabwe. Kozi wanashuka nao. Kwenu wanakaa siku mbili tatu kwa sababu wakati huo mawingu mazito yameshasogea, na mbele kuna vichuguu vingine vilivyoloa kwa mara ya kwanza.

Swali lako la wanakotoka linastahili jibu refu.

Amur ni mto mkubwa wa Asia ya mashariki, na sehemu kubwa ya mpaka wa Urusi na China inafuata mto huo. Kozi hawa wanazaliana huko, kusini mashariki mwa Siberia, Mongolia, kaskazini mwa China na Korea Kaskazini. Hawajengi kiota. Wanachukua viota vya zamani vya ndege wa jamii ya kunguru, jike anataga mayai matatu au manne, na yanaatamiwa kwa karibu mwezi mmoja. Kiangazi cha huko ni kifupi, lakini mchana ni mrefu sana na wadudu ni tele, kwa hiyo wazazi wana muda wa kutosha kulisha. Septemba ikifika baridi inaanza. Miezi michache baadaye ardhi itaganda na hakutakuwa na mdudu anayeruka. Ndege anayekula wadudu hewani hana la kufanya huko isipokuwa kuondoka.

Wanaondoka makundi makubwa, wakubwa kwa wadogo. Oktoba wanafika kaskazini mashariki mwa India, kwenye majimbo ya vilima kama Nagaland na Manipur, na hapo wanasimama wiki kadhaa. Wanafanya nini? Mzee wangu, wanakula kumbikumbi. Mchwa wa Nagaland nao wanatoa kumbikumbi wakati huo, na ndio mafuta ya safari. Wewe mwenyewe unajua kumbikumbi akikaangwa hahitaji mafuta ya kuongeza. Theluthi ya uzito wake mkavu au zaidi ni mafuta matupu. Kozi anakula mpaka anajaza akiba ya mafuta chini ya ngozi, na kwa akiba hiyo anaingia baharini.

Kati ya India na Somalia kuna Bahari ya Arabu. Kwa njia wanayopita ni kiasi cha kilomita 2,500 hadi 3,000 za maji matupu. Kozi akitua majini amekufa. Kwa hiyo anavuka usiku na mchana bila kutua, siku mbili hadi tatu, na wengine hawatui hata wanapokuwa bado juu ya nchi kavu ya India. Mwaka 2013 wataalamu wa Wildlife Institute of India, wakishirikiana na wenzao wa Hungaria, waliwafunga kozi watatu mgongoni vifaa vidogo vya kutuma mawimbi kwa setilaiti, kila kimoja gramu 5, vinavyotumia nguvu ya jua. Wakawapa majina ya huko: Naga, Wokha na Pangti. Naga alitoka Nagaland akakatiza India yote na bahari, kiasi cha kilomita 5,600 kwa siku tano na ushee bila kutua. Ramani ikaonyesha Naga na Pangti wakienda mpaka kusini mwa Afrika na kurudi Asia.

Nguvu ya mabawa peke yake isingetosha. Wanavuka Novemba kwa sababu wakati huo upepo wa kaskazi umeanza kuvuma kutoka Asia kuja kwetu, upepo uleule ulioleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi hadi Zanzibar kwa karne nyingi. Na hawako peke yao angani. Kuna kerengende mmoja wa rangi ya manjano, *Pantala flavescens*, mnamwona hata Tabora mvua zikianza, akiruka juu ya madimbwi na viwanja vya mpira. Mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, aliona kerengende hao wakifika visiwani kila Oktoba, mahali ambapo maji ya kuzaliana ni haba, na mwaka 2009 akaandika kwamba wanavuka bahari kutoka India kuja Afrika kwa upepo huohuo. Alieleza pia kwamba kozi wanaovuka msimu huo wanaweza kuwala njiani. Mimi naliona wazo hilo lina uzito mkubwa: ndege huyu anaishi kwa kula wadudu hewani, na hewa anayopita ina wadudu wakubwa wanaokwenda upande uleule.

Lazima nikueleze pia habari ya Pangti, kijiji kilichompa jina kozi yule, kwa sababu inahusu vijana wenye tabia kama ya wajukuu zako. Pangti iko karibu na bwawa la Doyang, na kozi walikuwa wakilala hapo kwa maelfu. Mwaka 2012 ilijulikana duniani kwamba wavuvi walikuwa wametundika nyavu kwenye njia wanazopita ndege, wakiwakamata na kuwauza kwa kitoweo. Ilikadiriwa kwamba kozi kati ya 120,000 na 140,000 waliuawa msimu ule mmoja. Wanaharakati wa huko India walikwenda wakakaa na wazee wa vijiji, viongozi wa makanisa, wavuvi na watoto wa shule. Vijiji vikakubaliana kuacha, na mwaka uliofuata, 2013, nyavu hazikutundikwa. Kozi wale watatu walifungwa vifaa palepale, mwaka huohuo. Nikiwaza mambo ya uhifadhi, habari hii ndiyo inayonitia moyo kuliko nyingine zote, maana wale wavuvi walikuwa na faida ya fedha mkononi na bado waliiacha. Wajukuu zako hawapotezi hata senti.

Kozi wanaponusurika na bahari wanaingia Somalia na Kenya, kisha wanashuka Tanzania. Mkondo mkubwa wa kozi wa Amur hupita zaidi mashariki na katikati ya nchi. Magharibi mnapata wengi au wachache kutegemea mvua ilivyonyesha. Kozi wa Ulaya ndiye aliyezoea zaidi miyombo yenu. Naye anatoka mbali: kozi waliofungwa vifaa Ujerumani walifuatiliwa wakivuka Sahara na misitu mikubwa ya Afrika ya kati mpaka Angola na Zimbabwe. Kwa hiyo jioni moja kwenye mti mkavu wa Sikonge unaweza kuwa na ndege aliyezaliwa karibu na Berlin na mwingine aliyezaliwa mpakani mwa China, na wote wamefuata chakula kimoja.

Kituo cha kozi wa Amur ni kusini mwa Afrika, hasa Afrika Kusini, Botswana na Zimbabwe, kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili. Huko wanalala mijini kwa maelfu, mara nyingi kwenye mikaratusi mirefu, na mchana wanatawanyika mashambani. Kulala pamoja kuna hatari yake: Machi 2019 mvua ya mawe iliwaua mamia kwa mamia huko KwaZulu-Natal wakiwa wamekusanyika mitini. Ukijumlisha kwenda na kurudi, kozi mmoja anasafiri zaidi ya kilomita 20,000 kwa mwaka.

Umeuliza kama wana faida yoyote kwako. Wanayo, ila sitaki kuikuza. Kozi hawatamaliza mchwa wala nzige. Lakini mkoa wenu uko mahali nyeti kwa mambo ya wadudu: mbuga ya Wembere na bonde la Malagarasi ni kati ya maeneo machache Tanzania yanayojulikana kuwa mazalia ya nzige wekundu, na Shirika la Kimataifa la Kudhibiti Nzige Wekundu huyafuatilia. Kundi la ndege mia mbili wanaokula panzi na kumbikumbi kutwa nzima linapunguza kitu, na hawakutozi chochote. Kila kumbikumbi wa kike anayeliwa kabla hajaangusha mbawa na kuingia ardhini huenda ni kichuguu kimoja kisichoanza, na wewe mwenye maturubai, nguzo na mizinga unajua mchwa anavyoweza kuharibu mali.

Sasa yale unayoweza kufanya.

La kwanza ni miti mikavu. Najua kukausha tumbaku kunataka kuni nyingi, na mti mkavu ndio wa kwanza kukatwa. Kama unaweza, acha miwili mitatu mirefu pembeni mwa shamba. Kozi anahitaji tawi lisilo na majani ili aone pande zote na aondoke haraka, na mti mbichi haumfai. Nyuki wako nao hawatalalamika, kwa kuwa mti wa namna hiyo huwa na mapango.

La pili ni dawa, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini. Dawa za kuua wadudu zinazomwagwa kwenye vichuguu na mashamba haziishii kwa mdudu. Kozi anayekula mamia ya wadudu kwa siku anakusanya sumu ya wote hao, na anategemea mafuta ya mwilini. Akianza kuyatumia njiani, sumu iliyohifadhiwa humo inarudi kwenye damu. Kichuguu kilicho katikati ya mahindi nakielewa, kina hasara kwako. Kile kilichoko porini kwenye mizinga, kiache. Kama katika eneo lenu itapita ndege ya kunyunyizia kwelea kwelea, ujue kwamba dawa itumikayo sana, fenthion, inaua pia ndege mbuai wanaokula kwelea waliolewa sumu au wanaolala palepale. Watu nao wasiokote kwelea waliokufa kwa kitoweo, hata wakionekana wanono.

La tatu ni manati, ambayo nimeshayasema. Naongeza tu kwamba kuua ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Ila nisingependa wajukuu waache kwa hofu ya sheria. Wapeleke kwenye kichuguu siku kumbikumbi wakitoka, wamwangalie kozi mmoja akila, kisha waambie alikotoka. Mtoto wa miaka kumi akijua ndege aliye juu yake alivuka bahari siku chache zilizopita, kazi ya kumtetea ataifanya mwenyewe.

Mwisho, umeuliza kama watarudi. Watapita tena kati ya Machi na Aprili wakielekea kaskazini, safari hii wakiwa na haraka ya kuzaliana, kwa hiyo mtaona makundi madogo zaidi na hawatakaa. Kozi waliofungwa vifaa mwaka 2010 huko Newcastle, KwaZulu-Natal, walionyesha kwamba wakati wa kurudi pia wanakatiza Bahari ya Arabu kutokea Somalia, wakati pepo zimegeuka na kuanza kuvuma kuelekea Asia. Mwezi Mei wanakuwa kwao.

Ikitokea umeokota kozi aliyekufa, angalia mguu na mgongo. Pete ya chuma mguuni, au kikasha kidogo mgongoni chenye waya mwembamba, si kitu cha kuogopa wala hakina thamani sokoni. Kipige picha, andika herufi na namba zote kama zilivyo, andika tarehe na jina la kijiji, na upeleke ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Wasipokuwa na la kukujibu siku hiyo, waachie namba yako ya simu, kwa sababu mwenye pete ile huenda yuko Asia na majibu yatachukua muda. Na hata usipookota kitu, niandikie tarehe utakayowaona kwa mara ya kwanza mwaka huu, na kama mvua ilikuwa imeshanyesha au bado.